Nguo ya kiti cha kamyo: namna ya kuichagua, kuikata na kuivalisha



Wengi kati yetu tuna baba, kaka ao mujomba anayeendesha kamyo. Na wengine kati yetu, likizo kubwa ikifika, tunakaa nyuma ya mashini ya kushona ili tupate feza kidogo ya makaye na minerval. Somo la leo ni kwa hao wote. Ni somo la nguo ya kiti, ile tunayoita huse.

Mutu anaweza kuuliza: «Kitu kidogo kama hicho kinafaa kuandikwa mu gazeti la masomo?» Mimi pia niliwaza hivyo mbele ya likizo iliyopita. Sasa siwazi tena hivyo. Nitaeleza sababu katika sehemu ya 6. Lakini tuanze na mwanzo.

1. Sababu gani makamyo ni mengi kwetu

Shaba ya Kolwezi iko mbali na bahari kila upande. Zamani treni ndiyo ilikuwa inabeba sehemu kubwa. Njia ya chuma ilifika Lubumbashi mwaka wa 1910, na tangu mwaka wa 1931 treni iliweza kutoka kwetu, kupita Dilolo, na kuvuka Angola mpaka bandari ya Lobito. Mwaka wa 1975 vita vya Angola vilifunga njia hiyo kwa miaka mingi. Leo treni zimeanza tena kwenda Lobito, lakini sehemu kubwa ya shaba na kobalti yetu ingali inatoka juu ya magurudumu. Simama kandokando ya barabara ya Likasi asubuhi moja tu, na utaona mwenyewe.

Kamyo ikitoka Kolwezi inapita Fungurume, Likasi na Lubumbashi, kisha inafika mupaka wa Kasumbalesa. Kutoka kwetu mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 300. Lakini ile inayoenda Dar es Salaam inapita Zambia na Tanzania, zaidi ya kilometre 2000, na ile ya Durban inakwenda mbali zaidi. Mupakani makamyo yanapanga mustari, na shofere anaweza kulala pale siku nyingi. Anakula ndani ya kamyo, anangoja ndani ya kamyo, analala ndani ya kamyo. Kiti chake ndicho nyumba yake.

2. Kiti kinapatwa na mambo gani

Fundi mwenye akili haanzi na rangi. Anaanza na kuuliza: kiti hiki kitapatwa na nini? Kwetu kuna mambo matano.

a) Vumbi. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi nyekundu inaingia hata kama vioo vimefungwa.

b) Joto na jasho. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kunyesha vizuri, jua ni kali sana. Mutu anayekaa saa kumi juu ya kiti, mugongo wake unalowana.

c) Baridi. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1400 juu ya bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, na kitambaa kingine kinakuwa kama bamba la chuma.

d) Kusuguliwa. Shofere anapanda na kushuka mara nyingi. Upande wa mulango ndio unaopasuka kwanza, si katikati. Kumbuka neno hili.

e) Mafuta na matope ya nguo za kazi.

3. Kuchagua kitambaa

Hakuna kitambaa kinachoshinda mambo yote matano. Kila kimoja kina wema wake na ubaya wake.

Simili, ndiyo ile ngozi ya plastiki. Wema: vumbi haiingii ndani, unapangusa na kitambaa chenye maji, kisha basi. Mafuta pia yanatoka. Ubaya: haipitishi hewa. Jasho linabaki kati ya mutu na kiti. Wakati wa joto inaunguza, wakati wa baridi inagandisha. Tena inateleza: shofere akikanyaga freni kwa nguvu, matako yake yanakimbia mbele chini ya mukaba. Na jua ikiipiga miaka mingi, inakauka na kupasuka.

Kaki ya pamba na jini. Wema: inapitisha hewa, inakunywa jasho, haitelezi, na pande zake mbili zinaweza kutumika. Ubaya: inashika vumbi na mafuta, inataka kufuliwa mara kwa mara, na inarudi ikifuliwa mara ya kwanza. Ndiyo maana inafuliwa mbele ya kukatwa. Jaribu hivi: kata kipande cha santimetre 50, kifue na maji ya moto, kikaushe, kipime tena. Ukikuta 48, umejua ungepoteza nini.

Bashi ya pamba. Ni ya nguvu sana, lakini ni ngumu. Inasugua shati la shofere, na mashini ndogo ya nyumbani haiiwezi ikikunjwa mara nne.

Kitambaa cha manyoya. Ni laini na kina joto muzuri usiku. Lakini kinalala na vumbi yote ya njia. Kwa barabara zetu mimi sikishauri, na sababu nitaitoa katika sehemu ya 8.

Kikwembe. Kinapendeza macho, lakini ni chepesi. Kinafaa kufunika kiti cha nyumbani, si cha kamyo. Ukipendezwa nacho, kiweke mahali pa kichwa tu.

Basi nini jibu? Mafundi wengi wa kwetu wanachanganya. Katikati, mahali mutu anapokalia na anapoegemea, wanaweka kaki ao jini. Pembeni na nyuma, mahali pa kusuguliwa na pa vumbi, wanaweka simili. Hivyo mugongo unapumua, na mapembe hayapasuki haraka.

Uzi pia unachaguliwa. Uzi wa pamba unaoza kwa jasho na jua. Chukua uzi wa nailoni ao wa poliesta, ule munene. Sindano iwe namba 16 ao 18, ambayo mapaketi mengine yanaandika 100 na 110. Sindano nyembamba itavunjika juu ya simili.

4. Kupima

Beba metre ya kushonea, kalamu, na magazeti ya zamani ao karatasi ya mufuko wa simenti uliopanguswa vizuri. Upime kiti chenyewe, tena ukipime ndani ya kamyo, si kwa mawazo.

Mugongo wa kiti: urefu, upana wa juu, upana wa chini, unene.
Mahali pa kukalia: urefu tangu mbele mpaka nyuma, upana wa mbele, upana wa nyuma, unene.
Mahali pa kichwa: je, panatoka ao pameshikamana na mugongo?

Kisha andika kila kitu kinachotoka kwenye kiti: vipini vya kusogeza, kipini cha kulaza mugongo, mahali mukaba unapotokea, na kifungio chake. Kwa kila kimoja andika ni upande gani, na ni santimetre ngapi tangu mbele na tangu chini. Piga picha na telefone kama unayo.

Viti vingi vya makamyo makubwa ya leo vinakaa juu ya mufuko wa hewa. Vinapanda na kushuka wakati kamyo inapita mu mashimo. Nguo ya kiti isishuke mpaka pale, kwa sababu itashikwa na kukatwa, ao itazuia kiti kucheza. Uache pale wazi. Tena, kama unaona mu ubavu wa kiti kikaratasi kinachoandikwa AIRBAG, jambo linalopatikana zaidi mu motokari ndogo, usifunike ubavu ule. Mufuko wa kumuokoa mutu unatokea pale, na mushono wako utamuzuilia njia.

5. Hesabu ya kitambaa

Tutoe mufano. Mugongo wa kiti: urefu 70, upana 50, unene 10. Mahali pa kukalia: urefu 50, upana 52, unene 12. Zote ni santimetre. Kwa mushono tunaongeza 1,5 kila upande, maana yake 3 kwa kila kipimo.

Uso wa mugongo: 73 kwa 53.
Nyuma ya mugongo: 73 kwa 53.
Utepe wa kuzunguka mugongo, pande mbili na juu: 70 + 50 + 70 = 190. Tukiongeza 3 ni 193, kwa 13.
Uso wa kukalia: 53 kwa 55.
Utepe wa mbele na pande mbili za kukalia: 50 + 52 + 50 = 152. Tukiongeza 3 ni 155. Upana wake ni 12 za unene, pamoja na mushono na sehemu ya kukunjwa chini, jumla 20.
Mukia, ndio kipande kinachopita katikati ya kukalia na mugongo na kufungwa nyuma: 55 kwa 23.

Kitambaa chenye upana wa 140 kinagawanywa hivi. Nyuso mbili za mugongo zinalala pamoja: 53 + 53 = 106. Inabaki 34. Mu ile 34 tunapitisha tepe mbili kwa urefu: 20 + 13 = 33. Chini ya nyuso za mugongo tunaweka uso wa kukalia na mukia ukisimama kando yake: 55 + 23 = 78, na 78 ni ndogo kuliko 106. Sasa tazama kipande kirefu kuliko vyote: ni utepe wa 193. Basi metre 2 zinatosha, na fundi muangalifu ananunua metre 2 na nusu. Nani alisema hesabu ya mwalimu haifiki sokoni?

6. Kosa langu

Sasa ninaleta ile habari niliyoahidi.

Likizo iliyopita nilikuwa nafanya kazi kwa baba mudogo, kartie moja ya komine Manika. Ni fundi wa kushona tangu zamani. Ukutani ametundika patroni ya kiti cha kamyo, imekatwa mu karatasi ngumu, na matundu yote yamekwisha kupangwa. Tuliitumia mara nyingi, na kila mara ilikubali.

Siku moja alienda Likasi kwenye matanga. Nikabaki peke yangu. Saa nne hivi akaja baba mumoja mwenye kofia. Akanisalimu vizuri:

«Habari za kazi, fundi. Nataka siti kava za lori langu.»

«Muzuri, Baba. Karibu. Unataka kusema... nini?»

«Kava, kijana. Nguo ya kiti cha dereva.»

«Aa, huse ya kamyo!»

Tukacheka wote wawili. Alikuwa Mutanzania, amekuja kupakia mabamba ya shaba mpaka Dar es Salaam. Wangempakilia kesho yake asubuhi. Kiti chake kilipasuka, na sponji ilikuwa inatoka nje. Alitaka simili nyeusi pembeni na kaki katikati. Akanipa feza ya kitambaa na nusu ya feza ya kazi, akaniambia kamyo iko wapi, akaenda kulala.

Mimi nilijiona mukubwa. Nikawaza: kiti cha kamyo ni kiti cha kamyo, patroni iko ukutani, kwenda kupima ni kupoteza wakati. Kwa kweli nilienda mara moja, nikapima urefu na upana haraka haraka kwa dirisha, nikaona vinakubaliana na patroni, nikarudi. Nikakata. Nikashona. Saa kumi nilikuwa nimemaliza, na ilikuwa kazi safi, nasema kweli.

Tukaenda kuvalisha. Mugongo ukaingia vizuri. Mahali pa kukalia pia pakaingia. Kisha shofere akapanda, akakaa, akavuta mukaba, akatafuta kifungio. Hapakuwa kifungio. Mahali pa kifungio palikuwa simili tupu. Na upande wa pili, upande wa mulango, palikuwa tundu langu zuri lililopindwa, na ndani yake hakuna kitu.

Akanitazama. Akasema pole pole:

«Fundi, kiti umekifunga. Na mimi nitafungwa na nini?»

Ninyi munaosoma, mumekwisha kuelewa? Sisi Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara, kwa sababu Wabeleji ndio waliotuachia desturi hiyo, na volani iko upande wa kushoto. Zambia, Tanzania na Afrika ya Kusini wanapita upande wa kushoto, kwa sababu wao walitawaliwa na Waingereza, na volani yao iko upande wa kuume. Mupakani Kasumbalesa kila shofere anabadilisha upande. Mu kamyo yetu, mukaba unatoka mulangoni kushoto, na kifungio kiko kuume. Mu kamyo yake, mukaba unatoka kuume, na kifungio kiko kushoto. Vipini vilikuwa pia vimegeuka. Patroni ya baba mudogo ilikuwa ya makamyo ya volani ya kushoto tu.

Mutu atasema: geuza kitambaa, basi, ndani kuwe inje. Kaki ingekubali, kwa sababu ina nyuso mbili. Simili ina uso mumoja tu. Mugongo wake ni nyuzi za kijivu. Hesabu yetu ya mu klasi, ile ya sura mbele ya kioo, ilinirudilia pale pale kwenye ngazi ya kamyo, lakini kwa kuchelewa.

Shofere alikuwa mutu mwema. Akasema: «Basi, kijana, acha tu. Nitapitisha mkanda nyuma ya mgongo, ule mlio wake usinisumbue. Tajiri ananisubiri, kesho napakia.» Akataka kunilipa nusu iliyobaki.

Nikafanya nini? Nasema kweli: nilinyoosha mukono kupokea. Nilikuwa nataka iishe. Ni wakati ule baba mudogo alipofika, amevaa nguo zake za matanga bado, kwa sababu majirani walimuambia niko kwenye kamyo. Akatazama kiti. Hakupiga kelele. Akaniuliza:

«Weye ulipima kiti, ao ulipima patroni?»

Sikujibu.

«Fungula yote.»

Shofere akasema: «Mzee, usijali, nimemsamehe.» Baba mudogo akamujibu kwa heshima: «Aksanti, Ndugu. Lakini kusamehe ni ya yee na weye. Ile njia, yenyewe haisameheke mutu. Tani makumi tatu iko nyuma yako. Ukipiga freni mu mutelemuko, njo utatafuta mukaba? Kazi haitoke ku mukono yetu vile.»

Mbele ya giza nikakimbia dukani. Kwa bahati mambo hayakuharibika yote. Nyuso za katikati hazina upande, zilibaki. Mugongo pia ulibaki. Ni utepe wa kukalia tu uliopaswa kutupwa. Niliugawanya katika vipande vitatu, 50, 52 na 50, vya kuunganishwa kwenye mapembe, kila kimoja na mushono wake. Hivyo nusu metre ya simili yenye upana wa 140 ilitosha. Ile nusu metre nililipa mimi, mu feza niliyoiweka kwa ajili ya viatu vya shule. Umeme ulikatika saa mbili. Tukamaliza kwa taa ya telefone ya baba mudogo, yeye ameishika, mimi nazungusha mashini kwa mukono. Asubuhi mbele ya jua tulivalisha tena. Shofere akavuta mukaba, tukasikia: ka! Hakuna muziki uliowahi kunipendeza kama ile sauti.

Baba mudogo alinikatalia feza ya kazi ile. Lakini siku ile ile akatoa karatasi ngumu, akaniambia nikate patroni ya pili. Sasa zimetundikwa mbili ukutani. Juu ya moja imeandikwa KUSHOTO, juu ya nyingine KUUME. Na chini ya zote mbili ameandika yeye mwenyewe: PIMA KITI.

7. Kushona na kuvalisha

a) Chora kwa chaki mustari wa katikati juu ya kila kipande, na alama ndogo mahali vipande vinapokutana. Bila alama, utepe utakimbia na mapembe yatapinda.

b) Juu ya simili usitumie vipini vya kushikilia, kwa sababu tundu la simili halifungiki tena. Tumia vishikio vya nguo zilizoanikwa.

c) Mushono wa simili uwe mirefu, milimetre 4 hivi. Ukishona mifupi mifupi, matundu yanakuwa karibu karibu, na simili itapasuka pale kama tembre ya posta.

d) Laza mushono upande mumoja, pitisha mashini mara ya pili juu yake. Upande wa mulango pitisha mara tatu, ao weka kipande cha pili ndani.

e) Kamba za kufunga zishonwe chini, nne kwa kukalia na nne kwa mugongo. Elastiki ni nzuri, lakini inachoka kwa joto; kamba haichoki.

f) Kuvalisha: pangusa kiti kwanza. Toa mahali pa kichwa kama panatoka. Valisha mugongo tangu juu kwenda chini, ukivuta pande zote mbili pamoja. Kisha valisha mahali pa kukalia, sukuma mukia katikati, uvute kwa nyuma. Funga kamba, na ncha zake uzikate fupi na kuziingiza ndani. Kamba inayoning'inia inaweza kufika kwenye freni.

g) Usijaze sponji nyingi chini ya nguo ili kiti kiwe laini. Shofere atakaa juu zaidi, miguu yake itakuwa mbali na freni, na vioo vyake vya pembeni havitaonyesha tena mahali alipozoea.

h) Majaribu ya mwisho yanafanywa na shofere mwenyewe, si na fundi. Akae. Afunge mukaba na kuufungua mara tatu. Avute kila kipini. Apandishe kiti mpaka juu na kukishusha mpaka chini. Akanyage freni kwa nguvu kamyo ikiwa imesimama, aone kama anateleza. Kama jambo moja halikubali, kazi haijaisha, hata kama ni nzuri kwa macho.

8. Kusafisha

Hapa ndipo mama zetu na wadogo wetu wanaingia katika somo. Vumbi ya Kolwezi si vumbi tu. Mwaka wa 2018 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, mu Ubeleji, walitangaza kazi waliyofanya mu kartie Kasulo, hapa kwetu, ambako watu walikuwa wanachimba kobalti kati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi mu vumbi ya nyumba, na mu mikojo ya watu. Na watoto ndio waliokuwa nayo zaidi. Shofere anayebeba madini ao kupita kati ya machimbo anakalia vumbi ya namna hiyo, kisha anarudi kumbeba mutoto wake.

Kwa hiyo: simili ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isipigwe na ufagio mukavu. Kaki itolewe, isikung'utwe mbele ya mulango wala karibu na watoto. Iloweshwe kwanza, kisha ifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za watoto, na si mu beseni ya vyombo vya kula. Ikaushwe kivulini. Ndiyo maana nilisema nguo iwe na kamba: ile iliyoshonewa juu ya kiti haitoki, na isiyotoka haifuliwi.

9. Mwisho

Yule shofere alirudi kisha wiki chache. Baba mudogo hakumuuliza habari za safari kwanza. Alipanda ngazi, akapitisha kidole juu ya mushono wa upande wa mulango, toka mbele mpaka nyuma, kisha akashuka na kusema: «Njo vile.» Shofere alikuwa amekuja na wenzake wawili. Mimi nilichukua metre, nikaenda kupima viti vyao kimoja kimoja. Vyote viwili vilikuwa vya volani ya kuume, lakini kimoja kilikuwa na kipini kimoja zaidi.

Maulizo ya kujibia mu daftari

1. Taja mambo matano yanayopata kiti cha kamyo kwetu. Ni sehemu gani inayopasuka kwanza, na kwa nini?
2. Kwa nini kaki inafuliwa mbele ya kukatwa, na simili haifuliwi?
3. Kiti kina mugongo wa urefu 75, upana 54, unene 12. Tafuta vipimo vya vipande vyote vya mugongo pamoja na mushono wa 1,5.
4. Chora kiti cha volani ya kushoto na cha volani ya kuume. Onyesha mukaba na kifungio. Ni vipande gani vinavyobaki sawasawa, na ni vipi vinavyogeuka?
5. Shofere anasema: «Nimekusamehe, acha hivyo hivyo.» Ungejibu nini? Andika mistari mitano, kisha muzungumze pamoja mu klasi.